Vitabu vya mhasibu mpweke vilivyojaza watu milimani

MNAMO Novemba 9, 1952, mhasibu wa baraza la mji mdogo wa Kendal, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, alishika kalamu ya wino na kuanza kuchora mlima. Mlima wenyewe unaitwa Dove Crag. Bwana huyo alikuwa na umri wa miaka 45, na alikuwa amejiwekea ratiba ya miaka 13 ya kupanda, kuchora na kueleza kila mlima wa maana katika eneo la Lake District, mmoja baada ya mwingine, bila ya kutumwa na yeyote.

Jina lake lilikuwa Alfred Wainwright. Aliikamilisha kazi hiyo mwaka wa 1966, wiki moja kabla ya tarehe aliyokuwa amejipangia. Matunda yake yalikuwa vitabu saba vidogo vya kutia mfukoni, vyenye milima 214, na kila ukurasa wake uliandikwa na kuchorwa kwa mkono. Nia yake ya kwanza, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa kujiwekea kumbukumbu za kumliwaza uzeeni, siku ambazo miguu ingekataa kwenda milimani.

Mambo hayakuishia hapo. Vitabu hivyo vilitoka mikononi mwake vikaingia mifukoni mwa mamia ya maelfu ya watu, na mtu aliyeipenda milima kwa sababu ya upweke wake akawa ndiye aliyeufungulia umma mlango wa kuingia humo. Kisa chake kinaonyesha wazi kuliko kingine chochote jinsi kitabu cha mwongozo chenye michoro kinavyoweza kuuzalisha utalii, kuuamulia utakakopita, na kuwaachia wengine gharama yake.

Pengine msomaji wa Afrika Mashariki atashangaa akisikia ukubwa wa milima inayozungumziwa. Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote nchini England, una kimo cha mita 978 tu. Nairobi iko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo mkazi wa jiji hilo aliyelala kitandani mwake yuko juu zaidi kuliko Mwingereza aliyesimama kwenye kilele cha nchi yake. Hata hivyo, si milima ya kudharauliwa. Mvua na ukungu huingia bila ya hodi, majabali yamekaa ghafla mahali ambapo mgeni hayatarajii, na vikosi vya uokoaji vya watu wa kujitolea huitwa mwaka mzima kuwatafuta waliopotea au kuvunjika viungo.

Jambo jingine linalotofautisha milima hiyo na ya kwetu ni kwamba haina lango wala ada. Anayepanda Kilimanjaro hulazimika kuandamana na mwongozaji aliyesajiliwa, na anayeingia Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya hulipa langoni. Lake District, ingawa nayo imekuwa mbuga ya kitaifa tangu mwaka wa 1951, ni makazi ya watu na malisho ya kondoo, na mtembezi hupita apendapo pasipo kuulizwa. Mahali pasipo na mwongozaji, kitabu ndicho mwongozaji. Ndiyo maana kitabu kilipata nguvu huko kuliko kwingi.

Nguvu hiyo haikuanza na Wainwright. Mnamo 1778, kasisi aitwaye Thomas West alichapisha kitabu cha mwongozo cha eneo hilo ambacho kiliwaelekeza wageni kwenye vituo maalumu vya kutazamia ziwa na milima. Wageni wa enzi hizo, waliokuwa watu wa tabaka la juu, walibeba kioo cheusi kilichobinuka kidogo, wakaipa mandhari kisogo na kuitazama ndani ya kioo, kwa vile humo ilifanana zaidi na picha zilizotundikwa katika majumba yao. Katika kimojawapo cha vituo hivyo, kando ya ziwa Windermere, palijengwa jumba la kutazamia. Kitabu kilisema simama hapa, na jengo likasimama hapo.

Baadaye mshairi William Wordsworth, mzaliwa wa eneo hilo, aliandika mwongozo wake. Ulitoka mara ya kwanza mwaka wa 1810 bila ya jina lake, ukasahihishwa na kuongezwa hadi toleo la 1835. Mwongozo huo uliwavuta wageni wengi, lakini mnamo 1844 mshairi huyo huyo alipinga vikali mpango wa kuleta reli karibu na Windermere, akihofia umati ambao ungeshushwa na magari ya moshi. Reli ilifika mwaka wa 1847. Kukaribisha kwa kalamu na kufukuza kwa kalamu hiyo hiyo ni ada ya zamani miongoni mwa waandishi wa vitabu hivi, na mhasibu wa Kendal aliirithi pasi na kujua.

Wainwright alizaliwa Januari 17, 1907, katika mji wa viwanda vya nguo wa Blackburn. Baba yake alikuwa mwashi aliyependa ulevi. Kijana aliacha shule akiwa na miaka 13, akaajiriwa kama tarishi katika ofisi za baraza la mji, kisha akasoma usiku hadi akafuzu uhasibu. Mwaka wa 1930, akiwa na umri wa miaka 23, alikwenda Lake District kwa mara ya kwanza pamoja na binamu yake. Walipanda Orrest Head, kilima kifupi kilicho nyuma ya mji wa Windermere, na kutoka juu wakaliona ziwa na safu za milima. Kwa kijana ambaye upeo wake ulikuwa mabomba ya moshi ya viwanda, hapo ndipo maisha yalipogeuka. Mnamo 1941 alikubali kazi mjini Kendal kwa mshahara mdogo kuliko aliokuwa akipata, ili tu awe karibu na milima. Mwaka wa 1948 aliteuliwa mweka hazina wa mji huo, na akashika wadhifa huo hadi alipostaafu mwaka wa 1967.

Hakuwahi kujifunza kuendesha gari. Kila wikendi alipanda basi, akapanda mlima, akapiga picha, akarudi kwa basi. Jioni za siku za kazi alichora. Mke na mtoto walibaki upande wa pili wa meza ile, na ndoa hiyo hatimaye ilivunjika. Wasimulizi wengi wa maisha yake hulipita haraka jambo hilo, lakini vitabu saba vya aina hiyo havipatikani bure, na waliolipa hawakuwa yeye peke yake.

Siri ya vitabu imo katika ukurasa wenyewe. Vitabu vya mwongozo vya zamani kwa kawaida vilijaa maneno: fuata ukuta hadi lango la tatu, geuka kushoto, vuka kijito. Mtembezi akikosea kuhesabu malango, amepotea, na kitabu hakina la kumsaidia. Ramani za idara ya upimaji ya serikali nazo zilikuwa sahihi, lakini kuzisoma kulihitaji mafunzo, na mtu aliyetoka kiwandani Ijumaa jioni hakuwa nayo.

Wainwright aliupa kila mlima sura yake pekee. Hufunguliwa kwa picha ya mlima unavyoonekana kutoka bondeni, ikafuatwa na ramani ndogo. Kisha huja mchoro wa njia ya kupandia, na huo ndio ubunifu wake mkubwa. Sehemu ya chini ya ukurasa ni ramani, kana kwamba msomaji anaitazama nchi kutoka angani. Kadiri jicho linavyopanda ukurasani ndivyo ramani hiyo inavyoinuka na kugeuka picha, hadi sehemu ya juu mlima unasimama wima kama utakavyoonekana kwa mtu aliye njiani. Mpimaji ardhi angelalamika kwamba vipimo haviwiani. Mtembezi halalamiki, maana anachokiona kitabuni ndicho akionacho mbele ya macho yake: ukuta ule pale, mti ule mmoja, kijito, kinamasi cha kukwepwa.

Kilele nacho kina mchoro wake. Unaonyesha marundo ya mawe yaliyowekwa kuwa alama, upande wenye jabali, na njia salama ya kushukia ukungu ukitanda. Hufuata mchoro wa mandhari, ambao hutaja kwa jina vilele vinavyoonekana kutoka pale, pande zote. Kisha zinaelezwa njia za kutembea juu kwa juu, kutoka mlima huo hadi jirani zake, pamoja na umbali na kimo kitakachopandwa. Sehemu hiyo ya mwisho inastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu ndiyo iliyowarudisha watu. Kila sura ina mlango wa kutokea, na mlango huo unaingia katika sura nyingine. Aliyepanda mlima mmoja ameshaoneshwa watatu zaidi na njia za kuvifikia vilele vyake.

Hakuna herufi hata moja ya mpiga chapa katika kurasa hizo. Maneno yote ni mwandiko wa Wainwright, mdogo, ulionyooka, wa mtu aliyezoea kujaza daftari za hesabu. Alikuwa ameshamaliza takriban kurasa 100 za kitabu cha kwanza alipoamua kwamba hazikumpendeza, kwa kuwa mistari haikuishia sawasawa upande wa kulia. Alizitupa zote na kuanza upya. Kwa mpita njia huo ni wazimu. Kwa mtembezi aliye peke yake juu ya mlima wakati wa mvua, mwandiko ule ulikuwa na maana yake: mtu ambaye hakuvumilia mstari uliopinda hakuelekea kusema uongo kuhusu jabali. Isitoshe, maelezo yake yana utani na malalamiko ya hapa na pale, hivi kwamba msomaji huhisi anatembea na mzee aliyekwisha kupita njia ile na kuumia mahali ambapo yeye bado hajaumia.

Hata tabaruku zake hazikufuata mazoea. Kitabu cha kwanza alikitabaruku kwa wapima ramani wa serikali, cha pili kwa watu waliojenga kuta za mawe, cha tatu kwa mbwa wa eneo hilo, cha nne kwa kondoo wake, na cha sita kwa miguu yake mwenyewe miwili.

Kitabu cha kwanza kilipokuwa tayari, mpiga chapa wa Kendal alimwambia kwamba nakala 2,000 zingegharimu pauni 950. Wainwright alikuwa na pauni 35. Mpiga chapa akakubali kungoja, na mkutubi wa mji, rafiki yake Henry Marshall, akakubali jina lake liwekwe kama mchapishaji na kushughulikia maagizo. Kitabu kilitoka mwaka wa 1955 na mauzo yake yakalipa deni. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, nakala za mfululizo huo zilizokuwa zimeuzwa zilifika milioni moja. Si haba kwa kazi iliyoanza bila ya matangazo, bila ya kampuni kubwa, na kwa mwandishi aliyewakimbia wanahabari kadiri alivyoweza.

Ni kweli kwamba vitabu pekee havikuwapeleka watu milimani. Wafanyakazi wengi wa Uingereza walianza kupata likizo yenye malipo kufuatia sheria ya mwaka wa 1938. Sheria ya mbuga za kitaifa ilipitishwa mwaka wa 1949. Magari ya kibinafsi yaliongezeka, na kufikia mwaka wa 1970 barabara kuu ya M6 ilikuwa imepita kando ya eneo hilo, hivi kwamba mkazi wa Manchester angeweza kutoka nyumbani asubuhi na kuwa kileleni mchana. Gari, barabara na likizo viliwafikisha watu hadi mguuni mwa mlima. Swali lililobaki lilikuwa wapande wapi, na hilo lilijibiwa na kitabu kilichokuwa mkononi mwa wengi wao.

Jibu hilo lilikuja kugeuka orodha. Wainwright hakuhesabu milima yake ili watu waikamilishe. Aliigawa kwa maeneo, akachagua kwa kufuata hisia zake, na hata akakiingiza Castle Crag, kilima cha mita 290 tu, kwa kuwa kilimpendeza. Lakini wasomaji walihesabu wakapata 214, na nambari hiyo ikapata uhai wake. Leo milima hiyo huitwa kwa jina lake, na kuna maelfu ya watu ambao mapumziko yao yote hupangwa kwa kutazama ni mingapi iliyobaki. Wapo wanaotumia miaka 30 kuimaliza, wapo wanaoimaliza na kuanza tena.

Wapo pia wanaoikimbia. Mwaka wa 1986 Joss Naylor, mfugaji wa kondoo kutoka bonde la Wasdale, aliipita yote 214 kwa muda wa siku saba, saa moja na dakika 25. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka wa 2014. Mnamo 2021 Sabrina Verjee alikuwa mtu wa kwanza kuimaliza kwa muda usiotimia siku sita, na mwaka uliofuata John Kelly wa Marekani akaipunguza zaidi hadi siku tano, saa 12 na dakika 14. Mwandishi aliyekwenda polepole kwa miaka 13 amekuwa kipimo cha kasi.

Nguvu ya orodha inaonekana vyema zaidi mahali paitwapo Mungrisdale Common. Ni uwanda wa nyasi na maji nyuma ya mlima mashuhuri wa Blencathra. Hauna umbo wala jabali, na hata kilele chake ni taabu kukitambua. Wainwright mwenyewe aliueleza kwa maneno ya kejeli na hakumshauri mtu kwenda. Lakini umo miongoni mwa zile 214. Kwa hiyo watu huenda, mwaka baada ya mwaka, wakakanyaga matope hadi kwenye rundo dogo la mawe, wakapiga alama kitabuni na kurudi. Wamekitii kitabu kwa kumwasi aliyekiandika.

Wapo wanaotetea jambo hilo, na hoja yao ina uzito. Wanasema orodha huwatawanya watu. Pasipo nayo, wageni wote wangerundikana Scafell Pike na Helvellyn, ilhali sasa wengine hujikuta kwenye mabonde ambayo hayatangazwi na yeyote, wakinywa chai katika mkahawa wa kijiji na kulala katika nyumba ya mfugaji. Ubishi ni kwamba kuwatawanya watu ni kuitawanya miguu pia, na miguu hiyo huikanyaga hata milima ambayo ingeachwa ipumue.

Faida kwa wenyeji haipingiki. Ufugaji wa kondoo wa milimani hauna pato kubwa, na familia nyingi huongezea kwa kuwalaza wageni na kuwapa kiamsha-kinywa. Ukubwa wa utegemezi huo ulidhihirika mwaka wa 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulipozuka nchini Uingereza. Jimbo la Cumbria liliathirika kuliko mengine yote. Mifugo ilichinjwa na kuchomwa, njia za milimani zikafungwa, na hoteli, maduka ya buti na mikahawa vikakaa bila ya wateja wakati ambapo vingekuwa vimejaa. Mfugaji aliyepoteza kondoo na mwenye duka ambaye hakuwahi kumiliki hata mmoja walijikuta katika shida moja.

Mfano mwingine, na pengine mkubwa zaidi, unapatikana nje ya vitabu vile saba. Mwaka wa 1968 Wainwright alitoa kitabu kuhusu Pennine Way, njia ya takriban kilomita 430 iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 1965 kutoka katikati mwa England hadi mpakani mwa Scotland. Aliahidi kumnunulia bilauri ya bia kila atakayeimaliza yote, katika baa iliyo mwisho wa njia. Watu waliitikia kwa wingi kiasi cha kumgharimu maelfu ya pauni kabla ya kufa.

Njia hiyo ilikuwa ya serikali. Iliyofuata ilikuwa yake mwenyewe. Mwaka wa 1973 alichapisha kitabu cha safari ya miguu ya zaidi ya kilomita 300 kutoka St Bees, pwani ya magharibi, hadi Robin Hood's Bay, pwani ya mashariki, ikipita katika mbuga tatu za kitaifa. Hapakuwa na njia kama hiyo ardhini. Aliiunganisha kwa kutumia ramani, akaitembea na kuichora, na baadhi ya vipande vyake vikapita katika mashamba ya watu ambako umma haukuwa na haki ya kupita. Wenye mashamba walinung'unika na matoleo ya baadaye yakabidi yarekebishwe. Mwandishi alikuwa amesisitiza kwamba hiyo ilikuwa njia mojawapo tu, na kwamba kila mtu angefanya vyema kujibunia yake. Hakusikilizwa. Watembezi walimiminika kwenye mstari ule ule aliouchora.

Vijiji vilivyo kwenye mstari huo vikapata riziki. Kirkby Stephen, Keld, Reeth na vinginevyo huwapokea watembezi kutoka mataifa mengi, na zimezuka kampuni ambazo kazi yake ni kuchukua mizigo ya wageni asubuhi na kuifikisha watakakolala. Kijiji kilicho umbali mfupi kutoka mstarini hakipati kitu. Desturi nayo imezuka: mtembezi huchovya buti baharini St Bees, huokota kokoto moja, na kuitupa katika bahari ya upande wa pili. Mnamo Agosti 2022 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itaifanya njia hiyo kuwa ya kitaifa. Ilichukua takriban nusu karne kwa serikali kuitambua njia iliyoanza kama michoro ya mzee mmoja mstaafu.

Sasa kuhusu gharama. Ardhi ya milima hiyo ni laini. Juu ya miamba pana tabaka jembamba la udongo na mboji linaloshikiliwa na nyasi. Buti zikizipondaponda nyasi hadi zikafa, mvua hupata mfereji wa kupitia. Mfereji huchimbika, watembezi huukwepa kwa kupita kando, kando nako kukafa, na njia ambayo Wainwright aliichora kwa nukta ndogondogo ikawa kovu linaloonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Udongo uliosombwa huishia maziwani, unakowadhuru samaki na kuchafua maji. Juu ya Nine Standards Rigg, katika njia ya pwani hadi pwani, mboji iliharibika kiasi kwamba watembezi hupangiwa njia tofauti kulingana na majira ya mwaka, ili ardhi ipate nafasi ya kupona.

Tangu mwaka wa 2001, mradi uitwao Fix the Fells umekuwa ukizirekebisha njia za Lake District. Mawe makubwa hupelekwa juu kwa helikopta, kisha hupangwa moja moja kwa mikono kama ngazi, kwa ufundi wa kale. Watu wa kujitolea huzunguka kuzibua mitaro ya maji kabla ya mvua kuanza kukata udongo. Pesa hutoka kwa mashirika ya uhifadhi, ruzuku na michango. Mtembezi asiyechanga chochote hupita juu ya mawe yale sawa na aliyechanga, kwa kuwa lango halipo. Hilo ndilo fumbo ambalo bado halijapata jibu: uhuru ule ule uliokipa kitabu nguvu unafanya iwe vigumu kumtoza aliyeongozwa nacho.

Lawama zilimfikia Wainwright akiwa hai. Katika miaka ya 1980 alikubali, baada ya kubembelezwa, kuonekana katika vipindi vya televisheni ya BBC akiwa na mtangazaji Eric Robson. Mzee huyo aliongea maneno machache, akavuta kiko chake na kutazama mbali, na idadi ya waliotaka kuiona milima hiyo ikazidi. Wengine walimwona kuwa msaliti wa mahali alipopapenda. Sehemu kubwa ya mapato ya vitabu hakuila. Iliingia katika shirika la kuwaokoa wanyama waliotelekezwa, ambalo lilipata makao karibu na Kendal.

Kumbebesha mtu mmoja mzigo wote huo si haki. Umati uliofurika Lake District mwaka wa 2020, masharti ya corona yalipolegezwa, haukuongozwa na vitabu vyake. Wengi walifuata picha walizoziona kwenye simu. Simu humwonyesha mtu mahali pamoja, mara nyingi bila ya njia ya kurudia, na ndiyo sababu vikosi vya uokoaji hukutana na watu waliopanda wakiwa na viatu vya mjini na betri inayokaribia kwisha. Mchoro wa Wainwright ulimtaka msomaji aketi nao jioni, aujue mlima kabla ya kuugusa. Kati ya miongozo hiyo miwili, ni rahisi kuona upi uliozaa watembezi na upi unaozaa wapiga picha.

Wainwright alifariki Januari 20, 1991. Majivu yake yalimwagwa na mjane wake Betty kando ya kiziwa kidogo kilicho juu ya mlima wa Haystacks, kama alivyokuwa ameagiza. Mlima huo una mita 597 tu, haumo miongoni mwa mirefu, lakini yeye aliupenda kuliko yote. Katika kanisa dogo la Buttermere, kibao cha kumbukumbu kimewekwa kwenye dirisha linalotazama huko. Siku njema ya kiangazi, njia ya kwenda kwenye kiziwa hicho huwa na msururu wa watu.

Vitabu vyenyewe vimeendelea kuishi kwa kurekebishwa. Chris Jesty, aliyemfahamu mwandishi, alizipitia tena njia zote na kutoa toleo la pili kati ya 2005 na 2009, njia zikiwa zimetiwa rangi nyekundu. Clive Hutchby naye akarudia zoezi hilo kwa toleo la tatu, lililoanza kutoka mwaka wa 2015. Wote wawili walilazimika kuandika kwa herufi zinazofanana na mwandiko wa marehemu. Yaliyobadilika ni mambo ya chini: ukuta ulioanguka, msitu uliokatwa, daraja jipya, na hasa njia. Mahali ambapo Wainwright alisema hapana njia bali nyasi tupu, wahariri hao mara kwa mara walikuta njia pana iliyokanyagwa.

Katika baadhi ya sehemu zenye mboji, mafundi wa njia wamerejelea mbinu ya wazee ya kutandaza sufu chini ya changarawe ili njia isizame. Sufu ya kondoo wa asili wa milima hiyo, aina ya Herdwick, haina bei. Mara nyingi kumkata kondoo manyoya humgharimu mfugaji zaidi ya anacholipwa sokoni. Marobota yake hupandishwa mlimani, hutandazwa juu ya kinamasi na kufunikwa kwa mawe madogo, na watembezi hupita juu yake.